Furaha ya kumpeleka mtoto shule kwa miguu: je, niiachie gari la shule?

Baba wa Magomeni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Nina binti wa miaka mitano na nusu anayesoma darasa la awali hapa Magomeni, Dar es Salaam, na tangu Januari kazi ya kumpeleka shule asubuhi na kumrudisha mchana imekuwa yangu. Hatukuipanga kwa kufikiri sana. Mama yake hutoka nyumbani saa kumi na mbili ili awahi kazini, nami natunza hesabu katika duka la jumla la Kariakoo ambalo milango yake hufunguliwa saa tatu, kwa hiyo ilionekana tu kwamba mwenye nafasi ni mimi. Nakiri kwamba wiki za mwanzo niliuona huo kuwa mzigo, na nilikuwa nikimvuta mkono kama mtu anayekimbilia basi la mwisho.

Sasa hali ni tofauti kabisa. Njia yetu ni ya dakika kumi kwa hatua zangu na dakika ishirini na tano kwa hatua zake, na hizo kumi na tano za ziada ndizo zilizonibadilisha. Binti huwaamkia watu wote bila kubagua. Muuza mihogo wa kona ya kwanza humjibu "Marahaba, mwalimu", na siku ambazo hayupo binti hutaka tumsubiri kwanza. Tangu alipoanza kuunganisha silabi, kila maandishi ya ukutani yamekuwa somo. Alianza na "duka la dawa", likafuata "wakala", kisha siku moja, mbele ya akina mama waliokuwa wakinunua vitumbua, akasoma kwa sauti ya mstarini "u-si-ko-jo-e ha-pa", akaniuliza ni nani huyo anayekojoa. Iko nyumba nyingine iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi". Sisi wakazi wa mji huu tunajua kwamba maandishi hayo ni kinga dhidi ya matapeli wanaouza nyumba za watu, lakini yeye aliyapokea kama yalivyo: alitaka kujua kwa nini wanatujibu ilhali hatujawauliza bei. Tangu siku hiyo, kila tukipita hapo, hunipa taarifa: "Baba, bado haiuzwi."

Tukifika Barabara ya Morogoro mazungumzo husimama. Pale tunavuka njia za magari ya kawaida, kisha njia za mabasi ya mwendokasi zilizo katikati, kisha tena njia za magari ya kawaida, na yeye ndiye anayesoma taa. Hukamata kidole changu kimoja kwa nguvu zake zote, hatamki neno mpaka tumekanyaga upande wa pili, halafu huendelea na sentensi ileile aliyoikatiza.

Mchana nimekubaliana na mwajiri kwamba muda wangu wa chakula uanze mapema. Hupanda mwendokasi pale Msimbazi, nikashuka Magomeni Mapipa, na kwa makusudi hufika getini dakika kumi kabla ya kengele. Sababu yake ni ya kitoto: napenda kumwona kabla hajaniona. Hutoka darasani soksi moja ikiwa imeshuka, begi likimpiga mgongoni, macho yakipita kwenye nyuso za watu wazima, moja baada ya nyingine, bila kutua popote mpaka yanifikie. Siwezi kueleza kinachotokea usoni mwake wakati huo. Najua tu kwamba hakuna mahali pengine ninapopokelewa hivyo, na dukani sipokelewi hivyo hata siku ambayo hesabu za mwaka zimefungwa bila upungufu wa shilingi.

Sasa nifike kwenye swali. Mwakani anaingia darasa la kwanza katika shule nyingine iliyo mbali zaidi, yenye gari la kuchukua watoto, ambalo hupita mtaani kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa kumi jioni. Mke wangu anaona gari ndilo jambo la busara, na hoja zake ni nzito, kwa sababu mvua kubwa zikinyesha, bonde la Jangwani lililo kati ya Magomeni na Kariakoo hufurika, mwendokasi husimama, nami hukwama Kariakoo; imetokea, na siku hiyo binti alikaa na mlinzi mpaka saa nane mchana. Mimi kwa upande wangu nimekuwa nikitafuta namna ya kubadilisha ratiba ili niendelee kumpeleka mwenyewe kwa daladala, na juzi mke wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Hayo unamfanyia mtoto, au unajifanyia wewe?" Naomba mawazo ya wazazi waliotangulia. Mzazi huendelea kumpeleka mtoto mpaka lini, na mnawezaje kuachia?

Mwalimu wa Awali alijibu:

Baba, nimefundisha watoto wa rika la binti yako kwa miaka kumi na mbili, na kila asubuhi nimesimama mlangoni nikipokea mikono kutoka katika mikono ya wazazi, kwa hiyo nitajibu kutoka upande wa pili wa geti.

Jambo la kwanza ni kwamba hayo unayoyaeleza mtoto huingia nayo darasani. Mtoto aliyetembea akisoma kuta za mtaa mzima hukaa kwenye mkeka akiwa tayari amefungua kinywa, na aliyevutwa mkono tangu nyumbani hunichukua nusu saa kumfikisha hapo. Sisemi hivyo kuwalaumu wazazi wenye haraka, maana haraka nyingi si za kujitakia.

Jambo la pili linahusu kuaga, kwa sababu mwakani utaaga mahali pageni na mapema zaidi. Usimtoroke hata kama analia. Mzazi anayenyemelea wakati mtoto ametazama pembeni hupata asubuhi moja nyepesi, halafu kwa wiki nzima mtoto hatazami pembeni tena. Muage mara moja, kwa maneno machache, na mwambie utarudi lini kwa kipimo anachokijua yeye. Mtoto wa umri huo hana habari na saa kumi, lakini anajua "baada ya uji", "baada ya michezo", "gari likishapita sokoni". Ukishaaga, ondoka. Wako wazazi wanaorudi dirishani mara tatu kuangalia kama mtoto ametulia, na ukweli ni kwamba alitulia mara mbili.

Mchana nao una adabu yake. Ukimuuliza "umesoma nini leo" atakujibu "sijui" na hatakuwa amedanganya. Muulize nani alimwaga uji, nani alilia, nani alikaa karibu naye, na yaliyosomwa yatakuja yenyewe yakiwa yamebebwa na hayo.

Kuhusu gari lenyewe, kabla hujalipa nenda ukaulize mambo yafuatayo kwa msimamizi wa usafiri: binti yako atakuwa wa ngapi kuchukuliwa asubuhi na wa ngapi kushushwa jioni, ndani ya gari kuna mtu mzima gani mbali na dereva, watoto wanakaa wangapi kwenye kiti kimoja, na akishushwa anakabidhiwa kwa nani. Mtoto anayechukuliwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho hukaa garini muda ambao wazazi wengi hawajawahi kuuhesabu. Nimeona pia wanafunzi watatu wakipandishwa mishikaki kwenye bodaboda moja bila kofia ngumu hata moja, kwa hiyo gari lenye mpangilio mzuri silidharau hata kidogo.

Mama wa Zamu alijibu:

Kaka, nimesoma maelezo yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu, mara ya pili nikaona wivu, na afadhali niseme wazi kwamba wivu ndio ulionifanya niandike.

Mimi ni muuguzi na zamu zangu hazijui shule inafunguliwa saa ngapi. Mwanangu wa miaka minne hupelekwa na kuchukuliwa na dada anayetusaidia nyumbani, na imekuwa hivyo tangu siku ya pili. Mwezi uliopita nilipata likizo, nikamwambia dada apumzike, kwamba wiki hiyo njia ni yangu. Nilivaa vizuri kama ninayekwenda harusini. Asubuhi tulikwenda salama, ingawa mtoto ndiye aliyeniongoza. Tulipofika kwenye mwembe karibu na geti alinishika gauni akaniambia, "Mama simama hapa, dada husimama hapa", kisha akaingia ndani bila kugeuka.

Mchana nilifika mapema, kama wewe. Mlinzi akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni mama yake. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole, akasema kwa adabu sana kwamba anamfahamu anayekuja kumchukua mtoto huyo, na si mimi. Nilikuwa nimesimama mita tano kutoka kwa mwanangu mwenyewe, yeye akinipungia mkono na kuniita, na mlinzi hakusogea. Ilibidi nimpigie simu dada, aongee na mlinzi, amweleze kwamba huyo mwanamke aliye getini ni mama halisi. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mkubwa. Ilipofika usiku nilikuwa nimemkubali yule mlinzi kuliko mtu mwingine yeyote katika shule ile, na kesho yake nilimpelekea soda.

Ninachotaka kusema ni kwamba raha unayoieleza ni ya kweli, lakini si kila mzazi ana saa za kuilipia, na mtoto asiyeletwa na baba au mama hajaletwa na mtu baki. Dada ndiye anayejua kwamba mwanangu huogopa mbuzi wa nyumba ya tatu. Mimi nilikuja kulijua hilo wiki ile ya likizo. Tangu hapo nimemwomba dada kila jioni anisimulie njia, na mara nyingine masimulizi yake yananichekesha kuliko ya mtoto. Gari likishachukua nafasi yako, tafuta atakayekusimulia.

Mkazi wa Tabata alijibu:

Ndugu yangu, saa kumi na moja na nusu ni usiku. Ili mtoto awe barabarani wakati huo ni lazima aamshwe saa kumi, aogeshwe kwa maji ya moto akiwa amefumba macho, na chai ainywe akisinzia. Wa kwangu alikuwa akivalishwa sare usingizini kwa mwaka mzima kabla hatujamhamisha. Wewe unauliza habari za gari, lakini mimi ningeanza kuuliza habari za shule: je, karibu na hapo Magomeni hakuna darasa la kwanza linalofaa?

Mvukaji wa Likoni alijibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mwanangu yuko PP2, yaani mwaka wa pili wa darasa la awali, upande wa kisiwani nasi tunaishi Likoni, kwa hiyo safari yetu ya shule hupita majini, asubuhi na jioni, na kwa bahati nzuri mtembea kwa miguu halipi kitu kwenye feri.

Baba wa Magomeni, nimeipenda habari ya kidole kimoja, lakini kwetu kidole hakitoshi. Milango ya feri ikifunguliwa umati husogea kama maji yaliyozibuliwa, na nilifundishwa na mama mmoja mzoefu kwamba mtoto hushikwa kifundo cha mkono, kwa maana kiganja kikilowa jasho huteleza. Basi mimi humkamata kifundo mpaka tufike penye ukingo, kisha humwachia, na hapo ndipo starehe yetu huanza. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, ila kwake ni safari ya baharini. Meli kubwa ya makontena ikipita kuelekea bandari ya Kilindini, feri husubiri, watu wazima hutazama saa na kunung'unika, naye huhesabu makontena kwa rangi. Nimechelewa kazini mara kadhaa kwa sababu ya meli hizo, na yeye kila asubuhi huomba ipite moja.

Jioni huwa amechoka, hana hamu ya kuhesabu chochote. Nikimchukua hununua mahamri mawili, moja lake na moja langu, na langu huliwa na yeye pia.

Kuhusu "mpaka lini" sina jibu. Binti yangu mkubwa, aliye darasa la sita, siku hizi husimama hatua nne mbele yangu kwenye feri hiyohiyo ili wenzake wasidhani tumekuja pamoja.

Mzee wa Michenzani alijibu:

Assalaam alaykum. Mwanangu, mimi ni babu wa Unguja, na mjukuu wangu ninayempeleka skuli ya maandalizi asubuhi ndiye huyohuyo ninayempeleka chuoni, yaani madrasa, alasiri, kwa hiyo kwa siku nina safari nne na magoti yangu yanazijua zote.

Zama zetu mtoto hakupelekwa. Baba yangu alinipeleka skuli siku moja tu, ya kwanza, kwa baiskeli, nimekaa mbele kwenye chuma, na wakati wa kurudi nikaambiwa nifuate wenzangu. Nina miaka sitini na minane. Siku zote nilizokwenda mwenyewe zimechanganyika zikawa siku moja, lakini ile ya baiskeli ninayo nzima: kengele yake, baridi ya kile chuma, na namna alivyonishusha kwa kunishika kwapani akanisimamisha kama mtu anayesimamisha chupa. Kwa hiyo sijui kama hesabu ya dakika ndiyo hesabu yenyewe.

Mtanga wa Hamburg alijibu:

Shikamoo mzee wetu. Nimesoma maneno yako nikiwa kwenye treni, nikafunga simu kwanza.

Baba wa Magomeni, mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Ujerumani, na swali lako la namna ya kuachia huku kwetu lina utaratibu wake. Mtoto anapoanza darasa la kwanza siku yake husherehekewa na ukoo mzima, naye hubebeshwa koni kubwa ya karatasi iitwayo Schultüte, iliyojazwa peremende, kalamu na vitu vidogo vya kuchezea, ambayo ya mwanangu ilikaribia kimo chake. Baada ya sherehe hiyo mzazi huelezwa kwa upole kwamba sasa mtoto ajifunze kwenda kwa miguu pamoja na wenzake. Nilishtuka, kwa sababu alikuwa na miaka sita, lakini niliwaiga. Wiki ya kwanza nilimfikisha mlangoni, ya pili getini, ya tatu kwenye kona ya duka la mikate, na kila mara tulikubaliana mapema mahali tutakapoagana ili asione kwamba nimemkatia njia.

Siku ya kwanza aliyokwenda bila mimi nilimfuata kwa mbali na kujificha nyuma ya mti. Nyuma ya mti huohuo nilimkuta baba mmoja Mjerumani, naye akimchungulia wa kwake. Tuliamkiana kwa kichwa bila kusema neno, kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Sipendekezi uyahamishie hayo Barabara ya Morogoro. Huku watoto wana njia pana za miguu na madereva wanaosimama kwenye kivuko, na bila vitu hivyo nisingethubutu. Kilichonisaidia ni kupunguza njia kidogo kidogo badala ya kuikata yote siku moja.

Baba wa Magomeni aliandika tena, wiki ya pili ya Januari:

Ndugu zangu, mzee wetu shikamoo, na mwalimu ahsante sana. Niliahidi moyoni kwamba sitarudi hapa mpaka niwe na habari kamili.

Nilimwonyesha mke wangu majibu yote. Alicheka sana kwenye habari ya mlinzi, akanyamaza kwenye habari ya baiskeli. Swali la ndugu wa Tabata tulilijadili kwa siku mbili, na tukabaki na shule ileile kwa sababu dada wa mke wangu anafundisha hapo, naye ameahidi kutusimulia. Maswali ya mwalimu niliyapeleka kwa msimamizi wa usafiri, na yamezaa matunda: ilionekana binti angekuwa wa pili kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa, lakini kwa kukubali kumsogeza mpaka kituo kilicho mbele zaidi amekuwa wa tisa, na sasa gari humkuta saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Bado ni mapema, ila si usiku. Jioni hupokelewa na bibi yake.

Kwa hiyo njia yangu imebaki ya dakika sita kwa hatua zake, na hatuvuki barabara. Asubuhi ya kwanza giza lilikuwa halijaisha, muuza mihogo alikuwa bado hajawasha jiko, na binti alinieleza kwa muda wote huo kwamba begi jipya lina mfuko wa siri. Alipanda bila kulia, akakaa dirishani, kisha nikaona macho yake yakitafuta kati ya wazazi tuliokuwa tumesimama chini ya taa. Nilijua anachokitafuta, nikanyanyua mkono.

Ukuta wa "Nyumba hii haiuzwi" hauko upande huo. Nimemwomba twende tukautazame Jumamosi, akaniambia Jumamosi hakuna shule.